Bi Ramotswe Katika Nyumba ya Eda

Mama yetu alipokuwa akikaa eda ya marehemu baba, usiku ndio uliokuwa mzito. Mchana wageni walipishana na majirani hawakutusahau kwa chakula. Baada ya Isha nyumba ilitubakia sisi mabinti watatu na mama asiyelala wala asiyezungumza. Tangu zamani alipenda kusomewa, kwa kuwa macho yake hayapatani na maandishi madogo, basi tukatafuta kitabu.

Tulichokipata kwa muuza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara, mjini Mombasa, kilikuwa riwaya ya upelelezi: The No. 1 Ladies' Detective Agency ya Alexander McCall Smith, iliyotoka mwaka 1998. Hatukuitarajia mengi. Riwaya za namna hii tulizozijua huanza na maiti, na nyumba ya msiba haina haja ya maiti mwingine. Tena mwandishi aliwahi kuwa profesa wa sheria wa Edinburgh, mzaliwa wa Zimbabwe, nasi tulikhofia atawachora Waafrika kwa kejeli.

Tulikosea. Mpelelezi wake, Precious Ramotswe, ni mwanamke mnene wa Gaborone, Botswana, mwenye kigari kidogo cheupe na birika la chai nyekundu lisilopoa. Watu wake huitana kwa heshima, Mma na Rra, nasi tukitafsiri papo kwa papo tulisema Bi na Bwana, na wakawa kama jamaa zetu.

Ila mwanzoni tu mwa kitabu tulikwama. Obed, babake Bi Ramotswe, aliyeharibikiwa mapafu kwa vumbi la migodi ya Afrika Kusini, yu kitandani akikata roho. Anamwusia binti auze ng'ombe wake na afungue biashara. Binti amwambia kwamba atafungua ofisi ya upelelezi. Mzee akodoa macho, aanza kusema "lakini", na roho yatoka kabla ya neno la pili. Msomaji wetu alinyamaza, akitafuta pa kurukia.

"Mbona mmenyamaza? Someni," mama akasema.

Tukasoma. Alikaa kimya kitambo, kisha akatwambia, "Na babenu alianza neno, hakulimaliza." Hatukuwa tumejua. Usiku ule ndipo alipotuhadithia saa ya mwisho ya baba, tangu mwanzo hadi mwisho, na sisi tukalia sote kwa pamoja, jambo ambalo mbele ya wageni hatukuliweza.

Baada ya hapo alikuwa yeye anayeuliza, "Yuwapi yule wenu wa chai?" Kesi iliyomfurahisha zaidi ni ya mzee aliyejitokeza kwa mwanamke mmoja akidai ni babake, akawa anakula na kulala bure. Bi Ramotswe avaa sare ya muuguzi, amwambia binti amepata ajali na hataishi ila apewe damu ya babake, yote, hata kama baba atakufa. Mzee akiri mara moja kwamba si baba yake. "Hii ni hukumu ya Nabii Sulaiman, alayhi ssalaam, na wale wanawake wawili!" mama akasema, akacheka. Kwa kweli pale aliyeachilia alikuwa mama wa haki na hapa ni mwongo, lakini nani angemsahihisha? Ndicho kicheko chake cha kwanza tangu maziko.

Si kila ukurasa ni mwepesi. Kuna mtoto anayepotea, kuna mume anayempiga mkewe. Kurasa hizo tulizisoma mchana. Mafumbo yenyewe si magumu, na mwenye kutaka kuumiza kichwa atachoka upesi. Sisi hatukutaka kuumizwa zaidi.

Miezi minne na siku kumi zilipotimia tulikuwa katikati ya kitabu cha pili, kilichotoka mwaka 2000. Mama alioga, akavaa, akatia manukato, akaenda kumzuru dadake Likoni. Tulimtarajia baada ya Isha. Alirejea kabla ya Magharibi, akavua buibui, akaketi pale pale pake, akauliza tumefika ukurasa gani.