Orodha Ukutani

Shangazi yangu ni mwakilishi wadi. Nikiwaambia watu wa rika langu hivyo, kwanza wananyamaza, halafu mmoja anauliza kwa utani, "Kwa hivyo nyinyi mko sawa, si ndio?" Anamaanisha pesa. Mimi hucheka tu. Jibu langu ni refu na huwa tuko kwa matatu au kwa meza ya chai, mahali ambapo jibu refu halina nafasi.

Alichaguliwa Agosti 2022. Nchi hii ina wadi 1,450 na yetu ni moja ya zile ambazo hutazisikia kwenye habari mpaka mvua isombe daraja. Mwaka uliofuata nilikuwa nimemaliza chuo na ninazunguka Nairobi na bahasha ya vyeti. Akanipigia simu. "Wewe unajua kompyuta. Njoo unisaidie ofisini, nitakupa ya sabuni." Nikapanda gari.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la agroveti. Ngazi ilinuka dawa ya ng'ombe. Nje ya mlango kulikuwa na benchi, na kufikia saa moja asubuhi benchi limejaa. Mmoja anataka nauli ya kumpeleka mama hospitali. Mwingine mwili wa kaka yake umekwama mochari na bili inapanda kila siku. Kijana ana mchango wa harusi. Mzee anataka Mheshimiwa aongee na polisi kuhusu mwanawe. Katika miezi yangu pale sikuona mtu hata mmoja akipanda ile ngazi kuuliza habari za mswada.

Na kazi yake, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni hiyo ya miswada. Mwakilishi wadi anawakilisha watu, anatunga sheria za kaunti, na anaichunguza serikali ya gavana. Hana pesa za barabara mfukoni. Makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kufikia 30 Juni lazima yawe yamepitishwa. Shangazi alikuwa na msemo wake: barabara inajengwa Mei kwa karatasi, lakini watu wanaikumbuka Novemba kwa matope. Usiku alikuwa anakaa na lile buku la bajeti, miwani puani, anajumlisha kwa kikokotoo cha simu. Siku moja aligundua zahanati yetu imetengewa pesa za tangi la maji kwa mwaka wa pili mfululizo, na tangi halipo. Alisimama bungeni akauliza. Kwenye kumbukumbu rasmi za bunge swali lake ni mistari sita. Huku nyumbani hakuna aliyejua ameuliza. Walichojua ni kwamba Jumamosi hiyo hakufika kwenye mazishi fulani.

Lakini nilitaka kuandika kuhusu basari.

Kila mwaka kamati ya wadi inapokea fomu za wanafunzi wanaoomba msaada wa karo. Zinakuja mamia na pesa hazitoshi nusu yao. Kazi yangu ilikuwa kuziingiza kwa kompyuta: jina, shule, yatima au la, sahihi ya chifu ipo au haipo. Miaka yote iliyopita, orodha ya waliopata ilikuwa siri ya watu wachache. Ukipata, unaitwa kando unaambiwa, "Mheshimiwa amekukumbuka." Ukikosa, hujui umekosa kwa nini. Shangazi alipeleka hoja bungeni kwamba kila wadi ibandike orodha hadharani, majina na kiasi. Iliahirishwa mara mbili. Mwenzake mmoja alimuuliza kwenye korido, "Unataka tukule nini 2027?" Mwishowe ikapita ukumbi ukiwa nusu tupu, na hoja si sheria, kwa hivyo hakuna aliyelazimika kuifuata. Akasema sawa, yeye ataanza na wadi yake.

Usiku wa kuamkia siku ya kubandika, Februari 2024, tulibaki ofisini sisi wawili. Alikuwa anapitia orodha kwa kalamu. Akafika jina moja akasimama.

Lilikuwa jina la mdogo wangu.

Baba yetu, kaka yake Shangazi, alifariki 2015. Mama anauza mboga stendi. Mimi nilimaliza sekondari kwa sababu Shangazi aliuza ng'ombe wake wa maziwa, yule wa pekee, nilipokuwa kidato cha tatu. Mdogo wangu sasa alikuwa kidato cha pili. Fomu yake ilikuwa na kila kitu: cheti cha kifo, barua ya shule, muhuri wa chifu. Kamati ilikuwa imempitisha Shangazi akiwa nje ya chumba, kama inavyotakiwa.

"Mtoe," akasema.

"Lakini anastahili."

"Najua."

"Kamati imempitisha, Shangazi. Hata hukuwa ndani."

"Najua, mwanangu. Lakini kesho nikibandika hii karatasi, watasoma jina moja tu. Wale wengine wote watakuwa wamepata kwa sababu ya huyo mmoja."

Nikanyamaza. Akavua miwani. "Huyu ataingia kwa sababu anastahili. Wa mwaka ujao ataingia kwa sababu nampenda. Sitajua tofauti."

Kwa kitabu ningesema nilibishana naye mpaka usiku wa manane. Sikubishana. Nilitafuta mstari wa mdogo wangu, nikaupaka bluu, nikabonyeza. Mistari ya chini ikapanda juu kuziba pengo. Ilichukua sekunde moja.

Orodha ilibandikwa kwa ukuta wa ofisi ya chifu, na kufikia saa nne ilikuwa kwenye kila grupu ya WhatsApp ya wadi. Watu walikuja kuisoma kama matokeo ya mtihani. Wakapata mtoto mmoja ameandikwa mara mbili kwa shule mbili. Wakapata mtoto wa mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, kukawa na kelele, kamati ikakaa tena na pesa zikaenda kwa watoto wengine wawili. Shosh mmoja aliyesomewa jina la mjukuu wake alipanda ngazi yetu polepole, akashika mlango, akauliza, "Kwa hivyo sina deni na mtu?" Nikamwambia hana, hizo ni kodi zake. Akashuka.

Mama alisoma orodha pia. Alisoma mara mbili. Kisha alimwambia Shangazi kwa simu, mimi nikisikia, "Wifi, ningejua kiti kinafanya mtu asahau damu yake, nisingekupigia kura." Wiki iliyofuata mdogo wangu alifukuzwa shule kwa karo. Shangazi alituma pesa zake mwenyewe kwa M-Pesa. Mama alizirudisha zote, na ada ya kutuma akailipa yeye. Mimi nililipa nilichoweza kwa ile ya sabuni, tukaomba shule muda.

Mama hajui ni nani aliyebonyeza. Nimekuwa na nafasi nyingi za kumwambia.

Juni mwaka huo nilikuwa nimerudi Nairobi. Tarehe 25 nilikuwa barabarani na wenzangu, tukipinga Mswada wa Fedha, macho yakiwaka moshi, tukiimba kwamba wote waende. Jioni, nikiwa nimefika kwangu viatu mkononi, simu ikalia ujumbe. "Uko salama?" Nikajibu niko. "Mlikuwa mnatuambia sisi wote?" Nikafikiria nikaandika, "Wote." Akajibu, "Sawa. Bora umefika." Sijui kama niliandika ukweli. Nilijua mmoja ambaye alikuwa amelala njaa ya heshima nyumbani kwa kaka yake, kwa sababu ya karatasi. Pia nilijua yule wa korido. Barabarani huwezi kuimba majina mojamoja.

Mwanzoni mwa 2025 kukazuka mvutano mkubwa zaidi: je, kaunti zina ruhusa hata ya kutoa basari za sekondari? Kikatiba, kaunti zina chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Sekondari ni ya serikali kuu, na Msimamizi wa Bajeti akasema lazima kuwe na makubaliano kwanza. Nilimpigia Shangazi nikidhani atakuwa amekasirika. Akacheka kile kicheko chake kifupi. "Kumbe tulikosana na mamako kwa kitu ambacho si kazi yangu."

Aprili hiyo nilienda nyumbani, na kukawa na kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti katika ukumbi wa kanisa. Katiba inalitaka bunge la kaunti lisikilize wananchi. Walikuja watu kama thelathini, wengi kwa sababu ya soda. Shangazi alikuwa mbele, na karani akiandika. Mama alikuwa amekaa nyuma kabisa, leso kichwani, aproni ya kazi bado kiunoni. Sikumtarajia.

Akainua mkono. Kipaza sauti kikapitishwa mpaka kwake. Akataja jina lake lote na kijiji, kama mtu asiyejulikana.

"Mheshimiwa," akasema. Miaka yote amemwita wifi. "Nimesikia tangi la zahanati limeandikwa tena mwaka huu. Hii ni mara ya tatu. Hizo za kwanza mbili zilienda wapi?"

Ukumbi ukageuka kumwangalia. Shangazi hakutabasamu. Alivaa miwani, akafungua lile buku, akatafuta ukurasa.

"Swali zuri, mama," akasema. "Karani, andika."