Mtu wa Milimani katika Hari ya Muscat

Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tumeketi kando ya njia ya Qurum, hapa Muscat, baada ya mwendo wa kilomita 90 za baiskeli, chumvi imetukauka usoni na macho yanawaka kwa jasho, sahibu mmoja ninayefanya naye mazoezi aliniona nikijimiminia maji kichwani, akastaajabu, akasema hakutaraji kabisa kumwona mtu wa Kongo akishindwa na joto, kwa kuwa sisi, kwa dhana yake, tumezaliwa Ikweta na jua ni ndugu yetu. Hakukusudia ubaya, wala sikumjibu, maana pumzi ilikuwa haijanirudia; lakini neno lile limenikaa moyoni wiki nzima, na haki yake ni kujibiwa.

Ni kweli kwamba Ikweta inakata njia yetu kusini ya Butembo, kabla hujafika Lubero. Lakini mji wetu umekaa juu ya vilima, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyepata kuamka huko alfajiri, ukungu ukiwa umelala juu ya mto Kimemi, watoto wa shule wakipanda mlima na sweta zao, akina mama wauza viazi wamejifunga kitenge juu ya koti, hawezi kuninasibisha na moto. Utotoni sikupata kulala bila blanketi mbili. Mvua ya alasiri ilipokuja na mawe, tulikusanyika karibu na jiko la makaa, na hapo ndipo nilipolijua joto kuwa ni neema. Hata Beni, ambako tulikuita nchi ya hari kwa sababu tukishuka mteremko wa Kabasha tulivua sweta na kuzifunga kiunoni, leo nakukumbuka kuwa ni mahali pa kivuli, pa mikakao na upepo wa msitu.

Hari yenyewe nilikuja kuijua Oman. Wenyeji wa Quriyat, si mbali na hapa, tarehe 26 Juni 2018 walipitisha usiku na mchana bila ya joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Na mashindano ninayoyafanyia mazoezi, ya triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, hufanywa Muscat majira ya baridi, kama yalivyofanywa yale ya Ironman ya nusu masafa mwaka 2019, ambayo niliyatazama nikiwa nimesimama kando ya njia na kuazimia nami niingie siku moja. Hivyo anayetaka kuwa tayari hana budi kufanya kazi yake ngumu wakati wa kiangazi. Kuogelea kilomita 1.9 kwa mtu aliyelelewa mbali na maji, ambaye samaki wa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi, walimfikia wakiwa wamekwisha kukaushwa, ni elimu iliyonichukua miaka miwili. Kisha baiskeli kilomita 90, kisha mbio kilomita 21.1. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuizoea hari: damu huongezeka maji, jasho hutoka mapema na kupungua chumvi, moyo hutulia. Mazoea haya hupatikana kwa kazi, wala hayarithiwi kwa kuzaliwa Ikweta, na mtu akikaa wiki chache katika chumba kilichopozwa humtoka, awe ni mtu wa Beni au wa Berlin. Na kwa kuwa pwani hewa imejaa unyevu, jasho haliruki. Huchuruzika tu bila kumpoza mtu, naye akinywa maji mengi matupu pasipo chumvi hujitia hatarini.

Lakini subira ya safari ndefu sikuipata huku, ambako mtu huwasha gari kwenda duka la jirani. Niliipata kwa wasukuma chukudu, yaani baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Nani kati yetu hakupata kuwaona wakipanda kuingia Butembo, mti wa mkaratusi umechongwa, magurudumu yamevikwa mpira wa gari kuukuu, magunia ya makaa yamepangwa hadi kumfunika mwenyewe, naye ameinamia mzigo, hatua fupi fupi, hakimbilii kilele wala hasimami? Kocha wangu hunihimiza nitunze nguvu mlimani, nisifukuzane na mtu, ninywe kabla ya kiu. Yote hayo niliyaona kwa macho nikiwa na miaka minane, yakitendwa na watu ambao hakuna aliyewavika nishani.

Na hapa niruhusiwe kusema lililo zito zaidi. Nchi hii ya ugeni, kuanzia Juni hadi Agosti, imekataza wajenzi kufanya kazi juani tangu saa sita u nusu hadi saa tisa u nusu mchana. Serikali imeliona jua kuwa ni adui, ikaweka sheria dhidi yake. Kwetu, tangu Oktoba 2014, mkulima wa Beni hukatwa kwa panga shambani mwake, Oicha, Mbau, Eringeti; utawala wa kijeshi ulitangazwa Mei 2021, na mauaji hayakukoma. Mimi nina mapafu, nina miguu, nina baiskeli nzuri, wala hari haikunishinda. Lakini njia ya Beni hadi Kasindi mpakani, kiasi cha kilomita 80, mlima Ruwenzori umesimama kushoto na theluji yake, siwezi kuipita kwa baiskeli na mama yangu akalala usingizi. Wa kutuona kuwa watoto wa jua wapo wengi. Wa kuuliza kwa nini kakao inaozea mtini bila mvunaji ni wachache mno.

Basi nimejiwekea hesabu yangu. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 hivi, na kila nitokapo Qurum huhesabu kwa njia ya kwetu: hapa ni Maboya, hapa nashuka Kabasha, hapa nimeingia Beni, na kilomita 36 zilizobaki naelekea Kasindi bila ya kumwogopa mtu. Jirani yangu, mzee aliyezaliwa Unguja, nilimweleza siri hii, na tangu hapo hanicheki tena.

Leo saa kumi, adhana ya alfajiri ikilia, nilimkuta langoni anakwenda msikitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo wafika wapi?"

"Beni, mzee, nikijaliwa. Jua likichomoza nitakuwa nashuka Kabasha."