Hatua ya Katikati

Katika mikutano yetu, iwe ya kijiji, ya wazazi shuleni au ya chama cha Watanzania wa ughaibuni, lipo jibu lisilowahi kukosolewa: elimu itolewe kwa jamii. Miti inakatwa ovyo? Elimu itolewe. Kipindupindu kimerudi? Elimu itolewe. Hata aliyesinzia kikao kizima akiamka na kulisema, ataitikiwa kwa vichwa. Nimekua nalo Mwanza, nimehama nalo mpaka Ohio, Marekani, na huku ndiko nilikokutana na mtihani ambao jibu hilo haliambulii kitu.

Ni mtihani wa Sayansi ya Mazingira, mmojawapo wa mitihani ya AP inayoandaliwa na College Board. Wanafunzi wa sekondari huufanya mwezi Mei, na wanaofaulu vizuri vyuo vingi huwahesabia kana kwamba wameshalisoma somo hilo chuoni. Sehemu ya kwanza ina maswali 80 ya kuchagua. Ya pili ina maswali matatu ya kujieleza kwa dakika 70, kila moja alama 10, na hubeba asilimia 40 ya matokeo. Swali moja linahusu utafiti, jingine linataka uchambue tatizo na kupendekeza suluhisho, na la mwisho linataka hayo hayo pamoja na hesabu. Binti wa dada yangu alipokuwa akijiandaa, kazi ya kumsomea majibu iliniangukia mimi.

Swali moja la mazoezi lilihusu mbolea na ziwa. Aliandika kwamba mbolea huchafua maji na samaki hufa. Nikamwambia hapo hajapata alama ya kueleza.

"Mjomba, kwani si kweli?"

"Ni kweli, mama. Lakini inawauaje? Mbolea haina meno."

Akacheka, kisha akaanza upya, safari hii taratibu. Mvua inasomba fosforasi kutoka mashambani hadi mtoni, na mto unaifikisha ziwani. Fosforasi inaustawisha mwani mpaka unatanda juu ya maji na kuzuia mwanga, na mimea ya chini inakufa. Mwani nao unakufa na kuzama. Bakteria wanauozesha, na katika kuuozesha wanatumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Oksijeni ikipungua mno, samaki wanakosa hewa.

Wengi huiruka hatua ya katikati, ile ya bakteria. Wanafunzi wengi huandika kwamba mwani ndio unaomaliza oksijeni, kwa kuwa mwani ndio unaoonekana, mzito na wa kijani kama rangi iliyomwagika. Bakteria hawaonekani, na ndio wanaofanya kazi yenyewe. Nimelibeba hili nje ya mtihani. Mara nyingi tunapotafuta aliyeharibu jambo, iwe ndoa, biashara au chama cha kuchangiana, tunamshika yule anayeonekana. Mchakato wa kuoza ulioendelea kimya chini yake hatuuulizi.

Ziwa ninalolisema halikubuniwa na mtahini. Kaskazini mwa Ohio liko Ziwa Erie, na Mto Maumee huliletea maji kutoka kwenye mashamba makubwa ya mahindi na soya. Agosti 2014 wakazi wa mji wa Toledo na vitongoji vyake, watu wapatao laki tano, waliambiwa wasinywe maji ya bomba yatokayo ziwani humo kwa siku kadhaa, kwa sababu yalikutwa na sumu ya maikrosistini itokayo kwenye mwani. Waliambiwa pia wasiyachemshe. Sisi tuliolelewa na sufuria ya maji ya kuchemsha tungeikimbilia hiyo kwanza. Lakini moto huua vijidudu tu. Sumu hii haivunjwi na mchemko, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke, ndivyo inavyozidi kukolea katika yaliyobaki. Mtu anayejua kwamba kuchemsha kunasaidia, bila kujua kunasaidiaje, siku hiyo angejiongezea madhara kwa nia njema.

Suluhisho nalo lina hatua yake ya katikati. Hapo ndipo "elimu itolewe" hukwama, na ndugu yake "serikali itunge sheria" vilevile. Elimu gani, kwa nani, na akishaipata afanye nini kitakachopunguza fosforasi? Mwaka 1972 Marekani na Kanada zilitia saini mkataba wa ubora wa maji ya Maziwa Makuu ya huko, Erie likiwamo, na juhudi zikaelekezwa kwenye mambo yanayotajika: kuondoa fosforasi kwenye majitaka ya miji na kuipunguza kwenye sabuni za kufulia. Ziwa Erie likapata nafuu. Baadaye mwani ukarudi, safari hii ukilishwa zaidi na mbolea ya mashambani, na dawa ya mabomba ya majitaka haifiki shambani. Kwa hiyo mtahiniwa anayeandika "wakulima waache ukanda wa nyasi na miti kandokando ya mto, ili mizizi inase udongo na virutubisho kabla havijafika majini" ametaja mtu, tendo na njia. Amejibu.

Huko kwetu Ziwa Victoria lilipovamiwa na magugu maji, miongoni mwa hatua zilizochukuliwa miaka ya 1990 ni kuwaachia wadudu, fukusi wanaoishi kwa kuyala. Ukisema tu "walileta wadudu", msikilizaji atadhani ni ushirikina. Ukimweleza kwamba wadudu wakubwa huparua majani na viluwiluwi wao hutoboa mashina, mpaka mmea unashindwa kuelea, unaoza na kuzama, ataelewa kwa nini ilichukua miaka badala ya wiki. Anayeijua hatua ya katikati hupata pia subira.

Swali la utafiti lina nidhamu yake: badilisha kitu kimoja, vingine vyote vibaki vilevile, na uwe na kundi la kulinganishia. Ukitaka kujua kama ukanda wa nyasi unazuia fosforasi, tafuta mashamba yenye mteremko sawa, mbolea sawa na mvua sawa, mengine yawe na ukanda na mengine yasiwe nao. Katika maisha tunafanya kinyume. Mtu akiumwa tumbo, siku hiyo hiyo anaacha pilipili, anameza vidonge, anakunywa mwarobaini na anaombewa. Akipona, kila mmoja anadai ushindi. Wala simlaumu, maumivu hayasubiri utafiti. Namwomba tu asiniambie kwa uhakika ni kipi kilichomponya.

Kwenye hesabu, mtahini hutaka kuona njia, na vipimo viandikwe. Taa ya wati 60 ikibadilishwa kwa ya wati 10, umeokoa wati 50. Ikiwaka saa 5 kwa siku kwa siku 365, hizo ni wati-saa 91,250, yaani kilowati-saa 91.25, au kwa lugha ya mteja wa umeme wa LUKU, uniti 91.25. Aliyeandika jibu tupu akikosea hana cha kuonyesha. Aliyeandika njia, hata akiteleza kwenye kuzidisha, mpangilio wake unaweza kumpatia alama. Nadhani ndiyo sababu mweka hazina anayeonyesha hesabu zake huaminiwa hata siku ambayo hazilingani.

Nimejiuliza kwa nini watoto wenye akili, tena waliosoma, huandika majibu ya juujuu. Binti huyu alizijua hatua zote za oksijeni, nilipomsogeza kidogo tu zilimtoka zenyewe. Sasa naamini kinachowazuia ni woga kuliko ujinga. "Mazingira yanaharibika" ni sentensi isiyoweza kupingwa. Ukiandika kwamba bakteria ndio wanaotumia oksijeni, umejiweka mahali ambapo mtu anaweza kukuambia umekosea. Hatua ya katikati ndiyo inayotuanika, ndiyo maana tunairuka darasani, mikutanoni, na hata nyumbani tunapoulizwa fedha zilikwendaje.

Mtihani huu haumkati mtu alama kwa kukosea. Anayejificha nyuma ya maneno mapana hajikingi na chochote, anajinyima tu. Mkutanoni ni vigumu zaidi, kwa maana huko mtu anaweza kuchekwa. Lakini aliyesema waziwazi jambo litatokea kwa njia gani ametupa kitu cha kushika: tunaweza kumsahihisha, kumwongezea au kumfuata. Aliyesema elimu itolewe hatuna la kumfanya zaidi ya kumpigia makofi, na mwakani tutakutana tena kujadili ajenda ile ile.