Boxer au Honda? Muulize Aliyekaa Nyuma

Leo sikai kijiweni. Nakupakia nyuma ya pikipiki, tunatoka Iringa mjini, tunashuka Madibira kwenye mpunga. Vaa koti zito, maana tutapita Mafinga, na baridi ya Mafinga mwezi wa Juni si ya kutania.

Kwanza nikwambie kilichonipeleka. Marehemu mzee wetu alimwachia bi mkubwa jaruba la hekta moja kwenye skimu ya umwagiliaji ya Madibira. Skimu ile ilianza kujengwa miaka ya 1990 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ina hekta 3,000 hivi, na maji yake ni ya Mto Ndembera, unaoteremka kutoka milima ya Mufindi kwenda bonde la Usangu. Mtu mwenye hekta yake moja pale, akaisimamia vizuri, anasomesha watoto.

Neno lenyewe ni hilo, kusimamia. Basi lipo, lakini linakushusha senta, na kutoka senta hadi jarubani ni safari nyingine ya jua kali. Mama anaumwa kiuno. Mwaka juzi hakwenda, akawaachia vibarua. Tulipata magunia 29. Wenye majaruba jirani, maji yaleyale na mbegu ileile ya Saro, walikuwa wanazungumzia 40 na kitu. Jibu unalo mwenyewe.

Baba wadogo wakaanza maneno: "Shemeji, uza hilo jaruba, umri umekwenda." Mimi kwa ubishi wa ujana nikasema halitauzwa, nitanunua pikipiki na nitampeleka mama mwenyewe kila akitaka. Nilikuwa nimedunduliza miaka miwili. Hela ilitosha pikipiki moja, tena ya mkononi. Swali likawa: ipi?

KIJIWENI KILA MTU PROFESA

Nilipouliza kijiweni, kelele zikaanza. Mmoja anasema chukua Boxer 150, spea zake ziko hadi dukani kwa muuza chumvi. Mwingine anasema TVS, inanusa mafuta tu haiyanywi. Wa tatu, bishoo mmoja wa miwani myeusi, akasema mwanaume wa kweli anapanda Honda XL 125 au Yamaha DT, zile ndefu za mabwana shamba na mapadri. Moyo wangu, sikufichi, ulikuwa kwa Honda. Nilishajiona nimesimama kwenye vikanyagio, vumbi linatimka nyuma, akina dada wanageuka.

Lakini nikagundua kitu. Kila mmoja pale aliisifia pikipiki aliyoiendesha. Hakuna hata mmoja aliyesema lolote kuhusu kukaa nyuma. Na mimi nilikuwa natafuta pikipiki ya kumbeba mama yangu.

Basi nikaazima Boxer ya mshikaji wangu mmoja wa bodaboda kwa siku nne, nikamlipa hesabu yake ya kila siku, nikakodi helmeti ya pili. Sheria inataka dereva na abiria wote wavae. Saa kumi na moja alfajiri mama akatoka amevaa suruali ya marehemu baba ndani ya kitenge, akakaa kwa kutanua miguu, si kiupande. Majirani walichungulia madirishani. Akasema, "Twende, baba, wasije wakanicheka mpaka jua likatoka."

WAZUNGU WA MAFINGA

Iringa hadi Mafinga ni lami, kilometa kama 80 za barabara kuu ya Zambia. Boxer ilikwenda vizuri tu. Injini ni sisi 150 kwa jina, na kwa watu wawili na begi haijasumbuka, ila kwenye vilima ilibidi nishushe gia mapema. Kilichotusumbua ni ukungu na baridi. Tulipofika kituo cha mafuta vidole vyangu vilikuwa havifungui kifuniko cha tenki.

Pale tukakuta wazungu wawili, mtu na mkewe, wapo juu ya BMW kubwa ile mbaya, wanaelekea Malawi. Unazijua hizi GS? Ukoo wake ulianza mwaka 1980 na R80G/S. Honda nao wakaleta Africa Twin mwaka 1988. Mwaka 2007 waigizaji wawili kutoka Uingereza, Ewan McGregor na Charley Boorman, walizipanda R1200GS Adventure kutoka Scotland hadi Afrika Kusini, na Tanzania walipita. Ni pikipiki za kuvuka dunia.

Kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne nikamuuliza mume waliichaguaje. Akaanza injini, nguvu, breki. Mkewe akamkatisha, akacheka, akasema yeye dukani hakuuliza injini. Alipanda nyuma, akakaa nusu saa bila kushuka, akaangalia magoti yamekunjwa kiasi gani na mikono ataishikia wapi. Walikataa mbili kabla ya kuichukua hiyo.

Nilipomtafsiria mama, aliitazama ile siti ya yule mama, pana kama kochi, akaguna. Nikamwambia dude lile lina zaidi ya kilo 200 kabla hujapakia mzigo. Likikulalia kwenye tope la Usangu utaita kijiji kizima. Boxer yetu haifiki kilo 130, naiinua peke yangu. Mama akajibu, "Siti haina kilo, mwanangu."

KO! KO! KO!

Mafinga tukaiacha lami, tukaingia njia ya Madibira. Barabara nzima kutoka Mafinga hadi Rujewa ni kama kilometa 151, na Madibira ipo katikati hivi. Unaanza kwenye misonobari na mashamba ya mahindi, unapita Sadani, halafu unashuka, unashuka. Baridi inavuliwa taratibu kama koti. Miti inakuwa ya miombo, hewa inapata joto, mara unaona chini tambarare ya Usangu imelala njano mpaka macho yanachoka. Usipime.

Ila vumbi, na makunyanzi! Barabara ilikuwa imejikunja kama bati. Hapo ndipo nilipoisoma Boxer. Uzuri wake, siti ni ndefu, mama na mimi hatukubanana, na iko chini. Ubaya, tairi zake ni za inchi 17, basi kila shimo dogo tairi inaliingia lote, na aliyekaa nyuma yuko karibu juu ya ekseli, analipokea zima zima.

Halafu kulikuwa na mlio. Kila nikishika breki ghafla, helmeti ya mama ilikuwa inaigonga yangu kisogoni. Ko! Nikiona shimo nikachelewa, ko! Mimi nilichukulia ni kawaida ya safari. Tulipofika Madibira, mama akashuka mwenyewe, taratibu, mkono kiunoni, akasema neno moja tu:

"Thelathini na sita."

"Nini, mama?"

"Mara ulizonigonga."

HONDA YA MJOMBA

"Kamwene, mjomba," nikaamkia. "Kamwene, mpwa wangu. Mmepita salama?" Mjomba wangu, kaka yake mama, ni bwana shamba mstaafu. Uani kwake ilikuwa imeegeshwa ndoto yangu yenyewe, Honda XL 125 nyekundu iliyopauka. Akasema macho yake hayamruhusu tena, kama naitaka ataniachia kwa bei ya kindugu, chini ya ile ya Boxer ya mkononi. Nilikaribia kuibusu.

Siku ya pili tukaijaribu kwenda jarubani, mimi na mama. Na nitasema haki. Kwenye makunyanzi, Honda ni mambo mengine. Tairi ya mbele ni inchi 21, inapita juu ya mashimo ambayo Boxer ilikuwa inatumbukia. Springi zake zina safari ndefu. Mama mwenyewe alikiri, "Hii inabembea." Yamaha DT nayo ina umbo kama hilo, ila injini yake ya stroku mbili inachoma oili pamoja na petroli, na abiria anarudi nyumbani ananuka moshi. Honda haina habari hiyo.

Shida ilikuwa kupanda. Siti ya XL iko juu. Mama alilazimika kukanyaga jiwe, ashike bega langu, arushe mguu, na kitenge kikanasa kwenye keria. Watoto wakakusanyika. Mara ya pili akakanyaga gunia la mpunga. Mara ya tatu mjomba alimnyanyua kama mtoto, na niliuona uso wake. Mama yangu hapendi kunyanyuliwa.

Kwenye ukingo wa mfereji maji yalikuwa yamevuja, njia imekuwa tope jeusi la mbuga, lile linalonata kama ugali. Mtu mwenye akili angemwambia mama ashuke, avuke kwa miguu. Mimi nikataka kuonyesha. Nikaingia na gia ya pili. Tairi ya nyuma ikateleza, nikanyoosha mguu kutafuta ardhi, na ardhi ikawa mbali. Ningekuwa mrefu zaidi, au ningekuwa na busara zaidi, isingetokea. Tulilala kiubavu sote wawili, mwendo wa kobe, lakini mama alitangulia mkono.

Hakulia, hakunigombeza. Alikaa kwenye tope ameshika kifundo cha mkono, akaangalia jaruba lake lililokuwa hatua mia mbele, na vibarua wakipiga mpunga. Moyo ulinidunda nikiwaza baba wadogo watasema nini. Zahanati wakasema ni mshtuko wa mishipa, mfupa mzima, wakamfunga bandeji.

Lakini siku ile alikuwa amekwisha kwenda jarubani. Alikaa chini ya mwembe, mkono kwenye kanga, akahesabu gunia moja moja hadi jua likazama, na kesho yake akarudi kwa miguu, polepole, akahesabu tena. Magunia 42.

HUKUMU

Usiku, kwenye ugali na samaki wa Ndembera, mjomba akauliza, "Haya, mpwa, unaichukua Honda?" Nikamtazama mama. Mama akanawa mkono wake mzima, akasema:

"Honda ni nzuri kwako. Boxer nitapanda mwenyewe na kushuka mwenyewe. Mimi nimekuja kusimamia mali yangu, siwezi kuwa naletwa kama mzigo. Nikishindwa kushuka mpaka niitiwe mtu, hata hilo jaruba watasema siliwezi." Kisha akaongeza, taratibu, "Lakini, baba, kiuno hakikuumizwa na Boxer. Unaendesha kama uko peke yako."

Mjomba akaacha kutafuna. Mimi nikaangalia samaki.

Kabla ya kuondoka, mjomba akanifundisha mambo ambayo kijiweni hakuna aliyenitajia. Ukibeba mtu mzima, kaza springi za shokapu za nyuma nafasi moja au mbili. Tairi ya nyuma iongeze upepo kidogo. Cheni ipime abiria akiwa amekaa, maana akikaa nayo inakaza, na ukiikaza bila yeye itakukatikia njiani. Begi lisikae mgongoni kwa abiria, lifunge kwenye keria. Na breki anza mapema, ya mbele na ya nyuma pamoja, kama unamwamsha mtu usingizini bila kumshtua.

Tukapanda kurudi Mafinga na Boxer ileile, barabara ileile, makunyanzi yaleyale. Nilichelewa dakika 40 kuliko siku ya kuja. Nikiona shimo nasema, "Mama, shimo," naye anainuka kidogo. Tulipofika kwenye lami akanigonga begani.

"Nne," akasema.

Leo Boxer yangu ya mkononi iko uani, ina kasponji kalichoshonewa kitenge kwenye siti ya nyuma. Bishoo wa miwani myeusi ananicheka. Mwache acheke, jaruba halijauzwa, na baba wadogo siku hizi wanauliza mchele wa Madibira unapatikana lini.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kama unakwenda kununua pikipiki ya watu wawili, iwe BMW ya mamilioni au Boxer ya hesabu, usiende na fundi peke yake. Nenda na huyo utakayembeba, awe mama, mchumba au dada. Mwache apande na kushuka mara tatu bila kusaidiwa, akae nyuma, mzunguke kwenye njia mbovu. Halafu funga mdomo, umsikilize.

Na usipakie mshikaki, tafadhali. Tukutane wiki ijayo, hapahapa.