Damu Imetoka Wapi?



Juma lililopita tuliitwa usiku katika kigango kimoja kando ya Ziwa Viktoria, kumpaka mafuta mvuvi aliyekuwa ametapika damu nyingi. Majirani walikwisha kuamua kwamba amelogwa. Bibi mmoja wa nyumba ya pili alikwisha kutajwa jina, naye akakimbilia kwa binti yake gizani. Sisi, kabla ya kufungua kitabu cha sala, tuliuliza kama mgonjwa alikuwa na uvimbe chini ya mbavu za kushoto, na kama amewahi kutibiwa kichocho. Walitutazama kwa mshangao, maana hayo si maswali ya padre. Tulijifunza kuyauliza mbali sana na hapa, kwa mama mmoja wa Ayalandi.

Mwaka 2013 tulikuwa masomoni huko, na siku za Jumapili tukisaidia parokia ya mji mdogo. Alikuwapo mvulana wa miaka 11 mwenye sistiki faibrosisi, ugonjwa ambao hatukuwa tumewahi kuusikia, ingawa kwao si mgeni: inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 19 nchini humo amebeba jeni yake pasipo kuugua. Wawili walioibeba wakipata watoto, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa ya mtoto mgonjwa. Jeni hiyo, iliyotambuliwa mwaka 1989, husimamia upitaji wa chumvi na maji katika seli. Ikiwa na kasoro, jasho hujaa chumvi, na ute wa ndani ya mwili huwa mzito kama gundi. Mama yake alituambia kwamba tangu mtoto akiwa mchanga, kila alipombusu kipajini midomo yake ilibaki na ladha ya chumvi.

Nyumba ile yote iliishi kwa kuchunga mapafu. Asubuhi na jioni baba alimgonga mwana mgongoni ili makohozi yatoke. Kila mlo ulikuwa na vidonge vyake, kwa kuwa kongosho lilikuwa limeziba. Habari za ini zilikuwa ndogo, na vipimo vyake vya damu havikuwa mbali na kawaida. Kisha usiku mmoja wa Februari mtoto akatapika damu.

Tulipofika hospitalini tulimpa mama maneno tuliyoyazoea, kwamba mapenzi ya Mungu hayachunguziki. Alitukatiza.

“Padre, hayo niachie kwanza. Nataka kujua damu hii imetoka wapi. Nimekichunga kifua chake miaka 11.”

Kusema kweli, tuliudhika. Seminarini tulisoma sana juu ya maana ya mateso. Hakuna aliyetufundisha ini linafanya kazi gani.

Muuguzi mmoja mtu mzima ndiye aliyetuchorea sote wawili, nyuma ya bahasha. Nyongo hutoka ndani ya ini kwa vijifereji vyembamba. Kwa wagonjwa hawa nayo huwa nzito, huviziba, na polepole huacha makovu. Kwa wachache kati yao, mara nyingi wakiwa bado watoto, makovu huenea hata ini likawa gumu lenye vinundu. Hapo damu itokayo utumboni hukosa njia ya kupita, hurudi nyuma kama mto uliozibwa, wengu huvimba, na mishipa ya umio hutanuka mpaka mmoja upasuke. Lakini seli za ini zaweza kuendelea na kazi muda mrefu, ndiyo maana vipimo vilionekana vyema. Dalili ilikuwa mahali pengine: chembe za kugandisha damu zilikuwa zikipungua mwaka hadi mwaka, kwa sababu wengu uliovimba huzizuilia ndani yake.

Tulipouona mchoro ule tulilikumbuka ziwa letu. Huku ni mayai ya mnyoo wa kichocho yanayokwama katika mishipa ya ini na kuleta makovu. Mtu huvua samaki na kulima, ini lake likifanya kazi, hata siku atakapotapika damu. Tulimsimulia mama hayo.

“Na mama zao, nao hujilaumu?” aliuliza.

Tulimjibu kwamba kwetu hulaumiwa jirani, na mara nyingi ni bibi kizee. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Afadhali basi nimejilaumu mwenyewe.”

Mishipa ya mtoto ilifungwa kwa vipira vidogo kwa njia ya endoskopi, na kazi hiyo ilirudiwa mara kadhaa. Leo ni mtu mzima. Hutumia ile dawa ya mchanganyiko wa aina tatu iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020. Imewafaa wengi, lakini ini hupimwa mara kwa mara, na mwenye ini lililoshindwa kabisa haifai kupewa. Mama yake hutuandikia kila Noeli, na huanza na hesabu ya chembe za damu kabla ya salamu.

Mvuvi wetu alisafirishwa Mwanza usiku ule ule. Siku ya tatu mkewe alitupigia simu: wameikuta mishipa imevimba katika umio, wameifunga, naye ameanza kunywa uji. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama yule bibi anaweza kurudi nyumbani. Tumepanga kumsindikiza Jumamosi, na mke wa mvuvi amesema atatangulia kumfagilia uwanja.