Gari Lisilotoa Moshi



Mwezi wa Agosti 2023, sisi vijana wa parokia moja ya Uvira tulifanya hija kwenda Kibeho, nchini Rwanda, kwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Tulikuwa watu kumi na tisa, na basi dogo tulilokodi lilikuwa na nafasi kumi na tano. Ndugu mmoja, mzaliwa wa Uvira anayeishi Kigali, aliposikia shida yetu alijitolea kutungoja Bugarama, ng'ambo ya mpaka, awachukue wanne waliobaki katika gari lake dogo la umeme. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuliona gari la namna hiyo, nasi tulilizungumzia sana hata kabla ya kulikuta.

Tuliondoka alfajiri ya tarehe 14, tukalifuata bonde la Ruzizi. Tulipofika Sange tuliteremka. Hapo, usiku wa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, na moto ukaua watu zaidi ya 230. Wengine walikuwa wamekimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika; wengine walikuwa wameketi wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Tulisali fumbo moja la rozari kwa ajili yao. Tulipokuwa tukipanda tena, mmoja wetu alisema: «Gari tunaloliendea halinywi mafuta. Hilo halitamwua mtu.» Neno hilo lilitupendeza sote, tukaenda nalo hadi mpakani.

Tulivuka Kamanyola, na Bugarama tukamkuta ndugu yetu na gari lake. Kiti cha mbele alipewa mama mzee wa Shirika letu, kama ilivyo haki. Gari liliondoka bila mlio, na mama akauliza kama kweli limewaka. Tulicheka sana.

Kicheko kilipungua njia ilipoanza kupanda. Kutoka tambarare ya Bugarama hadi kilele cha barabara ya msitu wa Nyungwe, gari hupanda zaidi ya mita 1,000. Gari lile lilikuwa limekwisha kutumika miaka mingi, betri yake imechoka, na lilibeba watu watano na mizigo. Hesabu kwenye kioo ilishuka: sitini, arobaini, ishirini. Dereva alizima kipoza hewa, akapunguza mwendo. Sisi wa basi tulimfuata polepole nyuma, ndani ya msitu ule ambao mvua yake hugawanyika, upande mmoja ikienda kwenye mto Kongo na upande mwingine kwenye Nili. Kileleni kioo kilionyesha asilimia tisa. Kwenye mteremko mota iligeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kidogo, nasi tukafika Kitabi na asilimia kumi na mbili.

Hapo Kitabi hapakuwa na kituo cha kuchaji magari. Mwenye nyumba moja ya wageni alituruhusu kutumia umeme wa nyumbani, lakini kwa njia hiyo gari hunywa polepole mno. Tungehitaji saa sita. Ilikuwa saa saba mchana, na mkesha Kibeho ulikuwa uanze jioni.

Tuliungama baadaye, na tunaungama tena hapa, kwamba tulibishana vibaya. Baadhi yetu walisema basi litangulie, kwa maana tumetoka mbali kwa ajili ya mkesha, na wale wanne watafika watakapofika. Wengine wakauliza ni hija gani hiyo, ya kumwacha mama mzee njiani. Mama mwenyewe alisema: «Wanangu, nendeni.» Tulipoliona shuka lake magotini, na jinsi alivyokuwa akitetemeka kwa baridi ya mlimani, tulinyamaza. Tukabaki wote.

Katika kungoja, tulimwuliza ndugu yetu habari za betri. Alitueleza kwamba betri nyingi za magari ya umeme, ingawa si zote, zina madini ya kobalti, na kwamba takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchini mwetu, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Alitueleza pia kwamba sehemu ya umeme wa Rwanda hutoka bwawa la Ruzizi II, ambalo tangu 1989 linatumiwa na Kongo, Rwanda na Burundi pamoja. Mto ni ule ule unaomwagikia kwetu ziwani, karibu na nyumba ambazo jioni huwashwa mishumaa. Tulianza kujisifu: madini yetu, mto wetu!

Ndipo dada mmoja, aliyekuwa kimya tangu Sange, akasema: «Kaka yangu yuko huko Kolwezi. Anachimba kwa mikono. Ni miaka miwili hatujasikia sauti yake.»

Hakuna aliyejibu. Tulikumbuka neno letu la asubuhi, kwamba gari hili halitamwua mtu. Tulikuwa tumeombea wafu wa petroli, kumbe kulikuwa na ndugu katika mashimo ya betri, na dada yake ameketi kati yetu kila Jumapili. Kwa miaka miwili hatukumwuliza.

Hatusemi kwamba gari la umeme ni baya. Tumeona maji ya Tanganyika yakimeza nyumba huko Kavimvira, tumeona mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020. Tunajua kwamba dunia inahitaji moshi upungue. Lakini tulijifunza kwamba moshi usioonekana barabarani hauthibitishi kwamba hakuna aliyelipa. Kila safari hubebwa na mikono ya watu, na mikono hiyo ina majina.

Tulifika Kibeho saa nne usiku, mkesha ukiwa umekwisha nusu. Mahali ambapo, kuanzia 1981, wasichana wa shule walisema wamemwona Mama wa Neno, tuliomba kwa ajili ya mtu mmoja, kwa jina lake.

Tuliporudi, tulimwomba padri wetu aandike kwa parokia moja ya Kolwezi. Jibu lilikuja Januari. Kaka alikuwa hai. Alikuwa ameona haya kupiga simu kwa sababu hakuwa na cha kutuma. Mama yake alimrudishia ujumbe: «Sikuombi fedha, nakuomba sauti.» Akapiga simu Jumapili iliyofuata. Bado anachimba, na bado tunaogopa. Lakini sasa, kila mwezi, kikundi chetu hununua vocha, na dada humpigia mbele yetu sote baada ya Misa, nasi tunamsalimu kwa zamu.

Vijana wapendwa, tunawaachia maswali matatu kwa mkutano wenu ujao. Ni kitu gani mnachokitumia kila siku bila kujua nani aliteseka ili kiwafikie? Katika safari yenu, nani yuko hatarini kuachwa Kitabi? Na ni nani anayeketi kati yenu kila Jumapili akiwa na ndugu ambaye hamjawahi kumwulizia?