Papa Afikapo Msamala

Kata ya Msamala, mjini Songea, iko mamia ya kilomita kutoka baharini; hata hivyo, sokoni nilipokewa na harufu ya papa mkavu. Mwilini mwa papa mna urea, imsaidiayo kustahimili chumvi. Akishakufa, hugeuka amonia, nayo ndiyo harufu ile kali. Kiunzi chake hakina mfupa, ni gegedu tupu.

Ndugu msomaji, twamwogopa papa, ilhali yeye ndiye aangamiaye mikononi mwetu. Huchukua miaka mingi kukomaa, huzaa wachache, na nyavu huwanasa hata wachanga. Mola ametuhalalishia kitoweo cha bahari, wala hakutuhalalishia israfu. Tuvue kwa kiasi, ili wajukuu wa Msamala nao waonje papa wa nazi.